Zeze, fidla, msumeno au kuika? Kuchagua chombo cha kusugua huku Nyanda za Juu Kusini

Kwaya na vikundi vya ngoma vya huku kwetu havina njaa ya vyombo vya kugonga wala vya kupuliza. Ngoma zipo, kayamba zipo, na ukienda upande wa Rungwe utakuta matarumbeta ya Moravian ambayo yakianza tu, hata aliye shambani kwenye migomba ng'ambo ya mto anajua kuna shughuli. Kinachopungua ni sauti inayovutwa, ile inayoshika noti moja na kuirefusha chini ya waimbaji bila kuhema. Kinanda cha umeme kinaifanya kazi hiyo vizuri mpaka umeme ukatike katikati ya beti la pili, na hapo kila mtu anamtazama mwalimu.

Vyombo vinavyotoa sauti ya namna hiyo bila umeme ni vile vya kusugua. Nawaandikia walimu wa kwaya, walezi wa vikundi vya shule na vijana wenye bendi ndogo, kuanzia Iringa na Mafinga hadi Njombe, Mbeya na Tunduma, ambao mfukoni wana fedha ya chombo kimoja tu na wanataka kujua waitupe wapi. Msimamo wangu nautoa mapema ili asiyekubaliana nao asome akiwa amejiandaa: kama huna mwalimu wa fidla unayeweza kumfikia kila wiki, usinunue fidla. Anza na zeze.

Kinachotoa sauti ni mnato

Upinde ukipita juu ya uzi, nywele zake huunasa uzi na kuuvuta pembeni. Mvutano ukizidi mnato, uzi huchoropoka, hurudi, kisha hunaswa tena. Kwenye uzi wa A wa fidla tukio hilo hujirudia mara 440 kila sekunde, na sikio linapokea sauti moja iliyonyooka. Breki za lori la mizigo likishuka Kitonga hulia kwa utaratibu huohuo, ila zile hakuna aliyezityuni.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, uliza kinachonata ni nini na utakipata wapi. Fidla na zeze zinataka utomvu uliokaushwa, msumeno vilevile. Glasi inataka maji. Kuika, ngoma inayosuguliwa badala ya kugongwa, inataka kitambaa kibichi. Bila kitu hicho cha katikati, chombo ni pambo. Upinde mpya wa fidla kwa kawaida huja ukiwa haujapakwa rozini, yaani huo utomvu uliokaushwa, na nywele tupu hupita juu ya nyuzi kama hazipo. Watu hufungua boksi, wanavuta upinde, hawasikii kitu, wanarudi dukani na hasira kwamba wameuziwa chombo kibovu.

Hapa sisi tuna bahati ambayo wengi hawaioni. Rozini ni utomvu wa misindano uliochemshwa mpaka tapentaini ikatoka na kuacha kitu kigumu kinachong'aa kama asali iliyoganda. Shamba la miti la Sao Hill, pale Mufindi, lina misindano kuliko tunavyoweza kuitumia, na utomvu wake unagemwa kibiashara. Utomvu mbichi haufai kwenye upinde kwa sababu unagandamana na kuchafua kila kitu. Ule uliojikausha wenyewe kwenye magamba ya mti, ukasagika ukiubonyeza kwa kucha, unatosha kabisa kwa zeze. Kwa fidla ya kununua, tafuta rozini ya kiwandani. Kipande kimoja, kisipoanguka, hukaa miaka. Usijaribu kuchemsha utomvu jikoni. Mvuke wa tapentaini unashika moto haraka, na hakuna wimbo unaostahili nyumba kuungua.

Zeze

Zeze limefikishwa mbali na majirani zetu Wagogo. Ukitoka Iringa kwa barabara ya Dodoma, ukishavuka Mtera uko kwao. Hukwe Zawose, Mgogo aliyefanya kazi zake Bagamoyo na kufariki mwaka 2003, alilipandisha kwenye majukwaa ya Ulaya pamoja na ilimba, ile marimba ya vidole gumba. Upande wetu Wahehe wana ligombo, chombo kizuri mno, lakini ligombo hudonolewa kwa vidole, halisuguliwi. Usikubali kuuziwa moja kwa jina la jingine.

Mwili wake ni kibuyu au kigogo kilichochimbwa, mara nyingi kimewambwa ngozi. Hapo hupenya mti wa shingo wenye kigingi cha kukazia uzi. Yapo ya uzi mmoja, ya nyuzi mbili, na makubwa yenye nyuzi nyingi zaidi. Upinde ni fito iliyokunjwa ikafungwa nyuzi za katani au nailoni. Kwenye vyombo vingi vya ukoo huu hapa Afrika Mashariki utakuta donge la utomvu limebandikwa mwilini mwa chombo: mpigaji akisikia sauti inaanza kuteleza, anapitisha upinde hapo mara mbili, anaendelea bila kusimama. Ni akili ambayo waliotengeneza fidla hawakuwa nayo. Mpiga fidla hana budi kusimama na kufungua kiboksi.

Kwa nini nalipa zeze nafasi ya kwanza? Sababu kubwa ni solfa. Kwaya zetu nyingi zinaimba kwa d r m, na do inahama kila mwalimu anapobadilisha ufunguo. Zeze linahama nayo. Mwalimu anatoa do, mpigaji anazungusha kigingi mpaka uzi mtupu uwe do au so, na vidole vyake vinabaki palepale kama wimbo uliopita. Mpiga fidla wa mwezi wa tatu akiambiwa wimbo umepandishwa nusu noti atatoka jasho, kwa sababu kwake kila kidole kimehama.

Sababu nyingine ni ukarabati. Uzi ukikatika Ijumaa jioni, mshipi wa nailoni unaouzwa kwa wavuvi unafanya kazi, na huo unapatikana kuanzia Kyela hadi soko lolote la mji. Wengine wanatengua waya wa breki ya baiskeli na kuchukua uzi mmoja mwembamba wa chuma. Unalia kwa ukali zaidi na unashika tyuni vizuri kuliko nailoni, ila unakula vidole vya anayeanza. Nailoni mpya itajivuta kwa siku kadhaa kabla ya kutulia. Usiifunge asubuhi ya ibada.

Mapungufu yake ni ya kweli, na nisingependa uyagundue mbele ya watu. Sauti ni ndogo: kwaya ya watu thelathini inalifunika, kwa hiyo liwekee maikrofoni karibu na ngozi au lipe nafasi ya kuanzisha wimbo kabla sauti zote hazijaingia. Wimbo wenye noti tano unaingia bila taabu, lakini tenzi za sauti nne zenye nusu noti za kupita zinalishinda la uzi mmoja. Halafu kuna ngozi. Tukuyu hupata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, wakati Iringa mjini haifikii nusu ya hapo, na zeze lililotyuniwa vizuri Iringa likifika Tukuyu mwezi wa Aprili ngozi yake inalegea na sauti inakuwa butu kama inatoka chini ya blanketi. Wapiga ngoma wanajua dawa: unaikaribisha ngozi kwenye moto polepole, kwa umbali, unaipapasa mpaka ikaze. Kama kikundi chako kiko Rungwe au Busokelo, tafuta zeze lenye uso wa ubao mwembamba badala ya ngozi. Litapoteza utamu kidogo, lakini halitakuaibisha.

Na kujifunza? Kijana mwenye sikio zuri, ndani ya wiki chache anatoa wimbo unaotambulika. Katika mengi ya aina hii kidole hugusa uzi tu bila kuukandamiza mpaka shingoni, kwa hiyo noti inaweza kuinamishwa na kutetemeshwa kama sauti ya mwanamke anayeomboleza. Kwa nyimbo za msiba na za Kwaresima sijasikia kinachoizidi.

Fidla

Sasa kwa wale ambao tayari wameamua ni fidla, na najua mko wengi. Ilipata umbo lake kaskazini mwa Italia karne ya 16, na Andrea Amati wa Cremona ni miongoni mwa mafundi wa mwanzo kabisa. Huku kwetu imefika kwa njia mbili zisizofanana. Pwani iliingia kwenye taarab, na Unguja inapigwa kwa mtelezo unaofuata sauti ya mwimbaji. Bara inajulikana zaidi kama chombo cha kizungu cha kusoma karatasi. Kijana wa Mbeya anayetaka kuipenda fidla asikilize taarab kwanza, kisha ndipo awatafute hao wanaosoma karatasi.

Ubora wake hauna ubishi. Nyuzi nne, G, D, A na E, zinampa mpigaji zaidi ya oktavo tatu. Inasikika ukumbini bila spika. Na aliyeiva anaweza kupiga sauti ya kwanza ya utenzi wowote kwa ufunguo wowote. Tatizo ni neno hilo, aliyeiva. Shingo ya fidla haina alama, na kosa la upana wa punje ya mtama linasikika hadi benchi la nyuma. Miezi ya mwanzo ni ya kukwaruza, na anayejifunza peke yake kwa video za simu hujenga mkono uliokakamaa ambao baadaye ni kazi kuuvunja. Vyuo vya kufundishia vipo mbali: Zanzibar kuna Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi, Bagamoyo kuna TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni. Nyanda za Juu walimu ni wa kutafuta kwa jina. Ukimpata mmoja, mmisionari aliyestaafu au kijana aliyerudi chuoni, yaliyosemwa juu ya zeze yasikuzuie.

Bei ya fidla ya kuanzia ni laki kadhaa, lakini bei ya dukani siyo yote. Uzi wa E ndio hukatika kwanza, na seti mpya mara nyingi itabidi iagizwe Dar es Salaam ije na basi. Upinde una nywele za mkia wa farasi, kama 150 hivi, na zikiisha huwezi kuzirudishia kwa fundi wa kona. Wengi hununua upinde mwingine. Legeza upinde kila unapomaliza kupiga, na usishike nywele kwa vidole, kwa kuwa mafuta ya ngozi huua mnato palepale. Mtoto wa darasa la nne asipewe fidla ya mtu mzima: zipo za robo, nusu na robo tatu, na kumlazimisha mtoto avute mkono hadi bega limuume ndiyo njia ya haraka ya kumfanya aichukie.

Baridi nayo ina maneno yake. Kuanzia Juni hadi Agosti hewa ya Njombe na Makete ni baridi na kavu. Mbao husinyaa, vigingi hulegea, na asubuhi unakuta nyuzi zote nne zimeachia. Masika yakija, vigingi vilevile huvimba na kugoma kuzunguka. Chokaa ya ubaoni ukiipaka kwenye kigingi kinachoteleza inasaidia. Kinachogoma kipake sabuni kavu kidogo. Rozini yenyewe kwenye baridi kali huwa ngumu na hushika kwa shida, kwa hiyo iweke mfukoni nusu saa kabla ya mazoezi. Zeze lina matatizo hayahaya ya vigingi, ila la uzi mmoja lina kigingi kimoja.

Msumeno

Wengine watadhani natania. Msumeno wa mkono, huuhuu wa seremala, unaimba, na kwa mji wa mbao kama Mafinga ni ajabu kwamba hauimbishwi zaidi. Unakaa, unabana mpini kati ya magoti, meno yakiwa upande wako. Mkono wa kushoto unashika ncha na kukunja bapa mpaka lichukue umbo la S. Kisha unapitisha upinde wa fidla wenye rozini kwenye ukingo usio na meno. Sauti haitoki popote tu. Inatoka pale katikati ya S ambapo bapa limebaki limenyooka, kwa sababu mtetemo unanaswa hapo na hauwezi kukimbilia mpinini wala nchani. Ukizidisha mkunjo sauti inapanda, na sehemu ya kusugua inahama kuelekea nchani. Inabidi uifuate.

Nilipoomba kwa fundi mmoja wa Mafinga nijaribu misumeno yake, mzee aliniruhusu nikunje miwili ya kwanza, kisha akaniondolea wa tatu mkononi. "Mwanangu, huo ni wa kazi. Wa kuimbisha chukua ule pale, umeisha meno." Alikuwa sahihi kwa sababu zaidi ya moja. Meno hayana kazi yoyote kwenye sauti, na msumeno mzee ambao bapa lake limeliwa na tupa huwa mwembamba na hukunjika kirahisi. Chagua mrefu, mwembamba, usio na kutu nzito. Ukiushika mpini ukagonga bapa lililokunjwa kwa kifundo cha kidole na likajibu kwa mlio unaodumu, huo una sauti.

Kwa mpigaji mmoja kwenye harusi au tamasha la shule hakuna kitakachowanyamazisha watu haraka kuliko huo. Kanisani nina wasiwasi nao. Watu wataangalia msumeno badala ya kuimba, na kwa kuwa kila noti inafikiwa kwa kuteleza kutoka noti nyingine, kukaa sawa na sauti nne za kwaya kunahitaji sikio ambalo ni adimu. Gharama kubwa itakuwa upinde, si msumeno.

Kuika na ndugu zake

Hii ni ngoma isiyogongwa. Kijiti kimefungwa katikati ya ngozi kwa ndani. Mpigaji anaingiza mkono, anasugua kijiti kwa kitambaa kilicholowa, na mkono mwingine unabonyeza ngozi kwa nje kupandisha na kushusha sauti. Inaguna, inacheka, inalia kama mtoto. Wabrazil wanaiita cuíca na ndiyo inayosikika kwenye samba, lakini chombo chenyewe kina ndugu zake Afrika. Angola wana puíta, na Zambia, kwa Watonga, ipo namalwa. Kwa mtu wa Tunduma, Zambia ni ng'ambo ya barabara.

Kwa kikundi cha ngoma au maigizo hiki ndicho chombo rahisi kujitengenezea kuliko vyote hapa. Debe au ndoo iliyokatwa kitako, ngozi ya mbuzi, na kijiti cha mwanzi kilicholainishwa. Mwanzi Iringa na Njombe si wa kutafuta, ilimradi usikate wa mtu anayegema ulanzi. Tatizo la ngozi na unyevu liko palepale, na hapa linazidi kwa sababu unamwaga maji wewe mwenyewe. Usiingoje kukupa wimbo. Kazi yake ni mdundo na vichekesho, na kwenye igizo la simba na sungura hakuna spika itakayoishinda.

Glasi, na chupa ya Fanta

Benjamin Franklin mwaka 1761 alipanga mabakuli ya kioo kwenye mhimili mmoja unaozunguka ili mpigaji ayaguse kwa vidole vilivyolowa, na Mozart akakiandikia chombo hicho kazi mwaka 1791. Wewe huhitaji mhimili. Glasi za mvinyo zenye mguu, kidole kilichooshwa kwa sabuni na kuloweshwa, na maji ya kutyuni: ukiongeza maji sauti inashuka. Glasi nene za chai hazikubali. Kwa mwalimu wa fizikia wa sekondari ni somo zuri la dakika arobaini. Kwa kwaya inayosafiri na Coaster kwenye barabara za Makete, hapana.

Chupa ya Fanta yenye michirizi inayokwaruzwa kwa kijiko wengi wataidai humu. Naipenda, lakini Hornbostel na Sachs, waliopanga vyombo vya dunia kwa makundi mwaka 1914, waliiweka jamii yake pamoja na vya kugonga, kwa hoja kwamba kila mchirizi ni pigo dogo. Nakubaliana nao. Haitakupa noti ya kuvuta. Kunywa soda, chupa iweke kundi moja na kayamba.

Ukiwa tayari unalipa

Zeze lijaribu kwa kulivuta polepole, upinde mzima, kwa noti moja. Likikatika katikati ya mvuto, tatizo huwa ni utomvu au katani iliyolegea, na hayo yanarekebishika hapohapo. Ufa kwenye kibuyu unaofika chini ya ngozi haurekebishiki kirahisi, achana nalo.

Fidla ya mtumba itazame shingoni inapoungana na mwili, hapo ndipo hupasuka ikianguka. Kisha itikise taratibu karibu na sikio. Ukisikia kitu kinabingirika ndani, ni kile kijiti kinachosimama kati ya ubao wa juu na wa chini, kimeanguka. Chombo hakijafa, ila legeza nyuzi zote kabla ya kufanya jambo lingine lolote, maana bila kijiti hicho mvutano wa nyuzi unaweza kuupasua ubao wa juu. Punguza bei kwa nguvu, na iache imelegezwa mpaka umpate mwenye kifaa cha kukisimamisha.